Kichwa cha tedi kinaanguka na miguu imeangalia kando, nimekosea wapi?

Kuna kijana ameniuliza swali na nimeona nimjibu kwa urefu, juu wengi wanakwama hapo hapo. Anasema hivi: "Anti, mimi hufuma sweta za shule kwa mashine huku Jogoo Road, lakini hii nimefuma kwa mkono, ni tedi wa msichana wangu anafikisha mwaka mmoja mwezi ujao. Vipande vyote viko sawa, nimefuata karatasi mstari kwa mstari. Shida ni kuunganisha. Kichwa kinaanguka mbele kama mtu amesinzia kwa matatu, mguu mmoja unaangalia mbele mwingine unaangalia kando, na mishono inaonekana kama kovu. Miguu nilipitisha kwa ovaloki, mwili nikashona kwa mkono kutoka ndani. Nimefumua mara mbili. Nifanyeje?"

Kijana wangu, pole, na hongera pia, juu baba wa kukaa chini afumie mtoto wake tedi kwa mkono sijakutana na wengi. Sasa nikwambie, jibu umelitoa wewe mwenyewe kwa hilo neno moja, ovaloki, ile mashine inashona pembeni huku kisu chake kikikata kinachozidi. Wewe umeshona tedi kama sweta. Sweta inashonwa kutoka ndani, mshono unabaki ndani na hakuna mtu anauona, na sweta ni pana, ikimeza kitanzi kimoja huku na kimoja kule hakuna anayejua. Lakini mguu wa tedi una vitanzi vingapi, ishirini hivi? Ovaloki ikila viwili kila upande umebaki na kumi na sita, na hapo ndani umeweka mshono mgumu kama kamba. Ukishajaza pamba, upande wenye mshono haunyooki, ule mwingine unavutika, mguu unapinda kama ndizi. Kwa hivyo hata ungeushikilia wapi kwa mwili, bado ungeangalia kando. Shida haikuwa pale ulipoubandika peke yake, shida ilianzia ndani ya mguu wenyewe.

Tedi anashonwa kutoka nje, ukiwa unaona kila kitanzi, na anashonwa kwa kuhesabu, si kwa macho. Hayo mawili ndio nataka ushike, mengine yote ni maelezo tu.

Kabla ya sindano, nyoosha vipande. Kipande kilichofumwa upande mmoja laini kinajikunja pembeni, unajua hiyo tabia, na huwezi kushona kitu kinajikunja. Kama uzi wako ni ule wa akriliki, ambao ndio mwingi madukani, usiguse na pasi tafadhali, akriliki ikishika moto inalala inakuwa kama leso na hairudi tena. Nyunyizia maji kidogo, tandaza juu ya taulo, piga pini pembeni, acha ilale usiku mzima. Sufu ya kondoo ndio unaweza kuwekea kitambaa kimaji na pasi ya juu juu.

Uzi wa kushonea ni ule ule uliofumia. Wengine wanachukua uzi wa cherehani wakisema ni imara, ni kweli ni imara, lakini ni mwembamba, mtoto akivuta mkono unakata ule uzi mnene polepole kama waya unavyokata mkate. Kata kama sentimita 45 hivi, usizidishe sana, juu uzi mrefu ukipita mara nyingi unachakaa unatoa manyoya. Sindano tumia ile butu yenye tundu kubwa. Shazia ya magunia wacha, itakutobolea mashimo. Sindano kali pia inapasua uzi katikati badala ya kupita kando, na ukipasua uzi mshono haukai na kufumua ni balaa.

Sasa mshono wenyewe. Weka vipande viwili kando kwa kando mezani, upande mzuri ukiangalia juu, usivigeuze, usivibananishe. Angalia pembeni mwa kipande kimoja. Utaona mstari wa kwanza wa vile vitanzi vya umbo la V, halafu mstari wa pili. Vuta kidogo kwa vidole hiyo nafasi kati ya wa kwanza na wa pili. Umeona? Kuna vijiuzi vidogo vimelala, kimoja juu ya kingine, kama vijiti vya ngazi. Hivyo ndivyo unavyoshona. Ingiza sindano chini ya kijiti kimoja upande wa kushoto, toka, nenda kulia, ingiza chini ya kijiti kinachoangaliana nacho, rudi kushoto pale pale ulipotokea, chukua kinachofuata. Huku, kule, huku, kule. Usivute. Acha uzi ukae legevu kama ngazi kweli kweli mpaka umeshona sentimita tatu au nne, ndio ushike ule uzi uvute taratibu kwa upande wa mshono wenyewe. Pembe mbili zinakutana, mishono yote inazama ndani, na ukiangalia hapo huoni kitu, unaona tu V zikifuatana. Mimi nimefanya hii kazi miaka na bado kila mara nikivuta huo uzi nafurahi kama mtoto.

Ukishavuta, shika mshono huku na huku uunyooshe kidogo. Kama umekunjamana umevuta sana, rudisha.

Kwa mguu na mkono ambavyo ni vyembamba, usiingie kitanzi kizima ndani, ingia nusu tu, yaani katikati ya ile V ya pembeni. Mshono hautazama sana kama ule mwingine lakini hupotezi upana. Kwa sweta ungechukua vijiti viwili viwili uende haraka, na kwa tedi usifanye hivyo, chukua kimoja kimoja, juu ukiruka pamba itachungulia. Na kama nyayo zimefumwa kwa ile mistari ya matuta, unachukua tuta huku upande wa chini na tuta la kule upande wa juu, yanafungana kama meno ya zipu.

Mpangilio wa kazi mimi huwa hivi: mwili kwanza, naacha shingo wazi, halafu mikono na miguu kila kimoja peke yake na kukijaza, halafu kichwa na uso wote umalizike kabla kichwa hakijaenda popote. Kichwa kinakaa kwa mwili. Mikono na miguu mwisho kabisa. Nimeona watu wanaanza na miguu ati ndio asimame, halafu wanashonea kichwa juu ya mtu tayari ana mikono minne inawasumbua. Usijitese.

Kujaza. Hii watu wanadharau. Pamba ya polista, ile ya mito, ndio nzuri, inafulika na inarudi. Vile vipande vya godoro vilivyokatwakatwa ni bei rahisi lakini tedi anakuwa na uvimbe kama ana chunjua, na baada ya muda godoro linavunjika linakuwa unga wa njano. Sufi ya mti kule Pwani ni laini mno, bibi zetu walijazia mito, lakini ikilowa inashikana madonge, na hii ya mtoto wa mwaka mmoja italowa, usijidanganye. Kama pesa ni kidogo nenda Gikomba utafute mto wa mitumba wa polista, ufumue, ufue, ukaushe. Na ukiwa huko tafuta tedi aliyechanika, umnunue umpasue pale mishono ilipo uone wenye viwanda walimuunganisha vipi. Wale wa kiwandani wanageuzwa ndani nje, sawa, lakini shingo yake iangalie vizuri.

Chambua pamba vipande vidogo kama vya kufuta rangi ya kucha, usisukume donge moja. Anza kwenye nyayo na ncha ya mkono, sukuma na penseli upande wa kifutio, upande mkali utatoboa. Miguu ijaze ngumu, mwili ngumu kiasi, lakini mikono juu karibu na bega acha ilegee, ndio iweze kuning'inia na kukumbatia. Mkono uliojazwa mpaka mwisho unasimama kama wa askari wa trafiki.

Sasa kichwa, ndio maumivu yako.

Kichwa hakianguki kwa sababu umeshona vibaya. Kinaanguka kwa sababu shingo ndani ni tupu. Watu wanajaza mwili mpaka karibu na mdomo wa shingo, wanajaza kichwa mpaka karibu na mdomo wa kichwa, wanaunganisha, na hapo katikati kumebaki nafasi ya hewa. Kichwa kizito kimesimama juu ya hewa, lazima kisinzie. Wengine wanaweka kijiti ndani, na kwa mtoto mdogo hiyo usithubutu, siku moja kitatokeza.

Fanya hivi. Shingo ya mwili ikiwa na vitanzi 24, na kwa uzi wa unene wa kawaida wenye vitanzi 22 kwa kila sentimita 10, huo mdomo una mzunguko wa karibu sentimita 11. Huo ni mdomo mpana, na uuache hivyo hivyo, usiukaze. Jaza mwili mpaka pamba itokeze juu ya shingo kama andazi limeumuka. Kichwa pia, pamba itokeze. Ukivikutanisha unataka visukumane, uhisi kabisa vinakataa. Halafu pini nne: mbele katikati, nyuma katikati, na pembeni mbili pale mishono ya kichwa inapokutana na mishono ya mwili. Angalia tena, juu kama pini ya mbele iko kitanzi kimoja kando, kidevu kitaenda kando. Anza kushona nyuma, kitanzi kimoja cha kichwa, kimoja cha mwili, ile ile ngazi, ishirini na nne kwa ishirini na nne. Ukifika robo tatu simama. Chukua penseli, sukuma pamba nyingine hapo katikati mpaka penseli ikatae kuingia. Ndio umalizie. Halafu rudia mzunguko wa pili ukirudi upande ulikotoka, mstari mmoja nje ya ule wa kwanza kila upande. Huo wa pili ndio unafanya shingo isimame. Shika tedi kichwa chini umtikise, kama kichwa bado kinacheza basi pamba ilikuwa kidogo, fumua robo uongeze.

Hapo shingoni sindano butu inasumbua kwa sababu mahali pamejipinda, na nikufundishe ujanja wa Nairobi: nenda kwa salon yoyote uombe sindano ya kushonea weave, ile imepinda kama nusu duara. Inaingia na kutoka pale pale bila kusukuma tedi. Ni kali kidogo kwa hivyo enda pole usipasue uzi, lakini kwa shingo na mabega sijapata kitu kinaishinda.

Miguu na mikono, sasa hapo ndio kuhesabu. Jicho linadanganya, hasa usiku na taa ya njano. Toka kwa mshono wa shingo hesabu mistari mitatu kushuka, hapo ndio juu ya mkono, pande zote mbili, na utie alama na uzi wa rangi nyingine kabisa, nyekundu kwa tedi wa kahawia, utautoa baadaye. Miguu hivyo hivyo, hesabu kutoka chini. Kama unataka tedi akae, na kwa mtoto wa mwaka mmoja akae ndio bora, miguu inashonwa mbele ya makalio, si chini yake. Mkalishe mezani na pini tu, bila mshono hata mmoja. Akianguka nyuma sogeza miguu mbele mistari miwili. Akikaa, ndio ushone.

Kuna hesabu moja hapa hata mafundi wa sweta inawapiga chenga, ingawa wewe kwa sleeve na bega lazima unaijua. Kitanzi ni kipana kuliko urefu wake. Kwenye zile sentimita 10 una vitanzi 22 lakini mistari kama 30. Kwa hivyo ukishonea mdomo wa mguu, ambao ni vitanzi, kwenye ubavu wa mwili, ambao unapanda kwa mistari, ukichukua moja kwa moja mguu utakunjamana na kuangalia pembeni. Vitanzi vitatu kwa mistari minne, hapo ndio inalala. Nina hakika huo mguu wako wa pili uliupiga moja kwa moja.

Shona mzunguko mzima, mbele na nyuma ya mkono, si mstari mmoja. Mtoto atambeba kwa mkono mmoja akimburuta, na uzito wote uko hapo.

Uso nitapita haraka. Macho usiweke vifungo, usiweke hata yale ya plastiki ya kubana na kidude nyuma, juu kitambaa cha kufuma kinavutika na jicho linachomoka nacho, na mtoto wa mwaka mmoja kila kitu kinaenda mdomoni. Darizi macho kwa uzi mweusi, uanze na kumalizia kupitia shingoni kabla hujaifunga. Yaweke chini kidogo na mbali mbali, anakuwa na sura ya mtoto. Mdomo ule uliotokeza ujaze pamba ukiwa umeshaushona kuzunguka karibu wote.

Masikio piga pini yote mawili kabla ya kushona hata moja, yapinde kidogo kama kijiko, halafu piga picha na simu. Sijui ni kwa nini lakini kwa picha unaona papo hapo sikio gani liko juu, kwa macho hivi hivi hulioni. Yakiwa juu sana unapata panya, yakisimama unapata fisi, na hapo siwalaumu watu, nani Kenya ameona dubu? Hata hilo jina tedi lilitoka Marekani, kwa rais Theodore Roosevelt ambaye watu walimuita Teddy. Mwaka 1902 huko Mississippi walimfungia dubu kwa mti ampige risasi akakataa, mchoraji akamchora gazetini, na wenye duka huko Brooklyn wakashona dubu wa kitambaa wakampa jina lake. Kuanzia 1909 huyo huyo Roosevelt akaja huku kwetu na mwanawe, wakapita na Nairobi, wakaua wanyama zaidi ya mia tano. Huruma iliishia kwa dubu.

Sikio lishone mbele na nyuma, usiache upande mmoja wazi.

Kumaliza uzi, fundo peke yake halitoshi, linapita kati ya vitanzi na kutoka. Shona mara tatu mahali pamoja juu ya mshono, halafu tumbukiza sindano ipite ndani ya tumbo itokee mbali huko mgongoni, vuta uzi kidogo, kata karibu kabisa, ncha inarudi ndani yenyewe.

Na pini. Nunua zile za kichwa cha rangi na uzihesabu. Nikitoa kumi na mbili kwa kikopo lazima kumi na mbili zirudi kabla sijasimama. Sio uoga wa bure. Kuna siku nilimaliza tedi wa mjukuu wa jirani, nimemfunga kwa karatasi tayari, nikahesabu nikapata kumi na moja. Nilitafuta kwa kiti, kwa kanga, kwa zulia, mwishowe nikachukua sumaku ya spika ya zamani nikaipitisha polepole juu ya tedi, na kwa paja la kushoto nikahisi kitu kinavuta. Ilikuwa imezama yote, kichwa na kila kitu. Tangu siku hiyo sumaku inakaa kwa kikapu changu cha uzi na hakuna tedi anatoka bila kupitishiwa.

Kuhusu hiyo miguu ya ovaloki. Kama kisu kilikuwa kimezimwa, fumua ile nyuzi ya ovaloki na wembe mdogo, chini ya taa nzuri, utaokoa. Kama kisu kilikata, na najua mashine zenu huwa mnaziacha zikate, usipoteze muda kuitengeneza, fuma miguu mingine. Ni jioni mbili. Tumia sindano za kufumia za 3 mm kama ulitumia kubwa zaidi, vitanzi vibanane pamba isionekane, na ukianza acha mkia wa uzi wa sentimita 45, huo huo utashonea, hutahitaji kuunga. Mwili kama ulishona kutoka ndani na hujaukata, fumua mishono tu, vipande ni vizima.

Mwezi ujao kama ni Julai, tedi akichafuka mfue Jumamosi asubuhi mapema, mkamue ndani ya taulo na usimpinde shingo, umlaze juu ya waya karibu na dirisha. Kwa baridi ile pamba ya ndani inaweza kuchukua siku tatu kukauka, na ukimrudisha kwa kitanda akiwa na maji ndani atanuka ukungu. Mwambie mamake mtoto amshike tedi kifua kwa nguvu aone kama vidole vinahisi ubaridi, kama bado ni baridi ndani, bado hajakauka.